Kompyuta mpya, mkono wa zamani: kisa cha studio moja ya Ngamiani

Jumamosi moja saa tano asubuhi mteja alimpigia simu shemeji yangu. "Dada, picha uliyonitumia haifunguki. Nimempa na mume wangu ajaribu kwenye simu yake, wapi." Ilikuwa picha ya pasipoti ya kuambatanisha kwenye maombi ya kazi, na siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa hiyohiyo. Shemeji akanirushia faili. Jina lake liliishia na herufi xcf. Nikaelewa hapohapo kilichotokea, na nikaelewa pia kwamba kosa ni langu.

Kila mara kuna mtu ananiuliza: nimenunua kompyuta mpya, niweke programu gani ya picha? Anataka nimtajie jina moja, akalitafute, amalize. Shemeji naye aliuliza hivyo, nami nikamtajia jina. Nasimulia kisa chake chote, pamoja na pale nilipokosea, kwa sababu makosa yenyewe ndiyo yaliyotufikisha tulipofika.

Studio yake iko Ngamiani, Tanga. Ni chumba kimoja chenye pazia tatu za nyuma, nyeupe, bluu na nyekundu, taa mbili za mwavuli na printa ya picha. Ameiendesha miaka 11, na muda wote huo kazi zote zilipita kwenye kompyuta moja ya mezani iliyokuja na Photoshop CS6, programu ya kurekebisha picha, ndani. Fundi aliyemuuzia ndiye aliyeiweka. Hakuna aliyemwambia kwamba ile ni programu ya kulipia, wala kwamba CS6, ya mwaka 2012, ndilo toleo la mwisho mtu aliloweza kulinunua mara moja likawa lake. Tangu 2013 Adobe, kampuni inayotengeneza Photoshop, walihamia kwenye kukodisha kwa mwezi au kwa mwaka.

Masika ya 2025 umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ile haikuwaka tena. Picha za harusi zilikuwa kwenye diski ya nje, alhamdulillahi. Akanunua laptopu: RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, SSD (diski ya kasi) ya GB 512, Windows 11. Kwa pesa aliyokuwa nayo lilikuwa chaguo zuri, hasa ile SSD.

Kabla hajaniita mimi alimwita fundi mwingine, akamwekea Photoshop ya karibuni iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli itumike bila kulipiwa. Kabla ya kuiweka, fundi alizima kinga ya virusi. Siku ya nne laptopu ilikuwa ya moto hata ikiwa haifanyi kitu, feni inavuma, na kivinjari kinafungua kurasa ambazo hakuna aliyeziomba. Tulifuta kila kitu tukaweka Windows upya, siku nzima ikaenda. Simlaumu mtu anayetumia kreki kwa sababu hana pesa, najua hali. Lakini kwenye mashine inayotunza sura na majina ya wateja, pamoja na nakala za vitambulisho wanazozileta kutoa kopi, programu inayotaka ulinzi uzimwe ndipo iingie siiwezi.

Ndipo nikamwekea GIMP. Nikamwambia, "Shemeji, hii ndiyo Photoshop ya bure." Sentensi hiyo ilitugharimu wiki mbili, kwa sababu aliiamini.

GIMP ni programu nzuri na ya heshima. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na mpaka leo inatengenezwa na watu wanaojitolea. Toleo 3.0 lilitoka Machi 2025, miezi michache tu kabla ya haya. Lakini si Photoshop, na mkono wa mtu aliyetumia programu moja miaka 11 una akili yake. Hausubiri macho yasome menyu.

Nilikaa pembeni yake siku moja nikaona. Anataka kukata picha ya pasipoti, kidole kinakwenda kwenye C, kama kilivyozoea. Kwenye GIMP herufi C ni kloni, kile chombo cha kunakili sehemu moja ya picha juu ya nyingine. Kukata ni Shift na C. Anaburuta kipanya juu ya uso wa mteja, hakuna kinachotokea, chini kuna maandishi yanayomtaka achague kwanza mahali pa kunakili. Anaburuta tena. Mteja yuko kwenye kigoda, ameshika begi, anatazama saa. Shemeji anataka kurekebisha mwanga, anabonyeza Ctrl na L. Badala ya kisanduku cha mwanga linakuja dirisha la leya, yale matabaka ya picha yanayolala moja juu ya jingine.

Kubwa kuliko yote lilikuwa Ctrl na M. Photoshop hufungua mkunjo wa mwanga hapo, mstari unaoupinda kupandisha au kushusha mwanga, naye huutumia kila picha. GIMP, vitufe hivyohivyo vinaunganisha leya zote zinazoonekana kuwa moja. Kinatokea kisanduku, na yeye, kwa mazoea ya kukubali, akabonyeza Enter. Ilikuwa kadi ya mwaliko wa harusi: jina la bwana na bi harusi, tarehe, ukumbi, maua ya pembeni, kila kitu kwenye leya yake. Akahifadhi, akafunga, akalala. Kesho yake familia ikapiga simu kwamba nikahi imesogezwa mbele siku moja. Tarehe ilikuwa imeshakuwa sehemu ya maua. Akaitengeneza kadi upya kuanzia mwanzo, mpaka saa saba usiku.

Na ile picha ya pasipoti isiyofunguka? GIMP, tangu toleo 2.8 la mwaka 2012, neno la kuhifadhi linatoa faili ya xcf peke yake, faili inayotunza leya zako zote. Ukitaka JPEG, faili ya picha ya kawaida ya kumtumia mtu, ni lazima upite njia nyingine, ya kutoa nje: Ctrl, Shift na E. Wana sababu yao, na naiona ni sababu njema, kwamba mtu asije akapoteza kazi yake kwa kuihifadhi kama picha bapa. Ila mtu hana budi kuambiwa. Mimi nilikuwa nimetumia GIMP miaka mingi kiasi kwamba nilisahau kuwa hilo ni jambo la kufundishwa. Siku ile niliigeuza faili nikiwa kwenye daladala, nikaitumia kwa simu, maombi yakawahi.

Jumatatu nilikwenda studio bila kugusa kompyuta. Nilichukua daftari la kaunta la deni, nikageuza nyuma, nikakaa siku mbili nikiandika kila kazi iliyoingia na kila kitu mkono wake ulichofanya. Hilo ndilo nililopaswa kuanza nalo. Nilikuwa nafikiri shemeji "anaediti picha". Kumbe anafanya kazi tatu zisizofanana, ambazo CS6 ilizibeba zote kwa kuwa haikuwepo nyingine.

Kazi iliyoingia mara nyingi zaidi ilikuwa pasipoti. Hiyo haihitaji ujuzi wowote wa juu. Inahitaji kasi, maana mteja amesimama. Ya pili ni harusi, picha mia nane au mia tisa kwa usiku mmoja, ambazo zinahitaji kuchambuliwa, kurekebishwa mwanga na rangi kwa mafungu, na kutolewa. Ya tatu inakuja mara chache, nayo ndiyo anayoipenda: picha za zamani zilizochanika, wazee wanazileta kwenye bahasha wakitaka zirudishiwe uhai. Kadi za mwaliko ni za msimu.

Tukazungumza habari ya kulipia. Mpango wa Adobe wa wapiga picha, wenye Photoshop na Lightroom (ya kupanga na kusafisha picha nyingi), kwa bei ya Marekani ulikuwa karibu dola 20 kwa mwezi, yaani laki sita na ushee kwa mwaka kwa shilingi za wakati ule. Si pesa ya kutisha kwa studio yenye harusi kila wiki, na mkono wake ungerudi nyumbani. Nilimwambia hivyo waziwazi. Alifikiri siku mbili, akasema: "Shem, kiangazi cha harusi nitalipa. Ramadhani nitalipa na nini?" Studio ile mwezi wa Ramadhani inaishi kwa pasipoti. Na ukiacha kulipa, programu inafungwa. Kwa mwingine hesabu ingetoka tofauti. Kwake ilitoka hivyo, nami niliona ana haki.

Basi tukagawa kazi. Pasipoti, kadi na picha za zamani zibaki GIMP. Harusi ziende darktable, programu ya bure ya kusafisha picha ghafi za kamera, yaani zile ambazo kamera haijazigeuza JPEG, ambayo kwenye Windows ilianza kupatikana Desemba 2017. Na kwa zile kadi na kurasa za albamu alizonunua zamani kwa faili za PSD, zile za Photoshop, ambazo GIMP huzifungua nusunusu na kuangusha baadhi ya leya za marekebisho, atumie Photopea, inayofunguka ndani ya kivinjari. Watu huiogopa wakidhani picha zinapanda mtandaoni. Hazipandi, kazi yote inafanyika ndani ya kompyuta yako, bando linaliwa kidogo tu wakati wa kuifungua. Vitufe vyake ni vilevile vya Photoshop, na alipobonyeza C akaona kisanduku cha kukata alipiga kofi.

(Oktoba ya mwaka huohuo Affinity, programu nyingine ya picha iliyokuwa ikiuzwa, ilitangazwa bure na kampuni inayoimiliki, Canva, kwa sharti la kuwa na akaunti yao. Kama shemeji angeniuliza mwezi wa Novemba, tungeijaribu kabla ya zote. Hakuniuliza Novemba, na alipozoea hizi sikuona sababu ya kumhamisha tena.)

Tulianza na pasipoti, wala hatukugusa kitu kingine wiki nzima. Kwanza tulibadilisha vitufe. GIMP inakuruhusu kumpa kila chombo kitufe unachotaka, kwa hiyo C ikawa kukata, B ikawa brashi, Ctrl na M ikafungua mkunjo wa mwanga, na ile ya kuunganisha leya tukainyang'anya kitufe kabisa. Hivyo tu, vile nilivyoviona daftarini mkono ukivirudia. Kuna watu wamegeuza GIMP nzima ifanane na Photoshop. Sikutaka, maana angeendelea kuitafuta Photoshop kila asipokiona kitu.

Kisha tukatengeneza karatasi ya pasipoti ya kudumu. Picha ya milimita 35 kwa 45, kwa nukta 300 kwa inchi, ni pikseli 413 kwa 531. Karatasi ya 4R (inchi 4 kwa 6), ukiilaza, ni pikseli 1800 kwa 1200. Zinaingia nne kwa upana na mbili kwa urefu, nane, na nafasi ya mkasi inabaki. Tulichora mistari ya kuongozea, tukaweka alama ya mahali macho yakae na mahali kidevu kiishie. Ijumaa alikuwa anamaliza mteja kabla chenji haijapatikana kwa jirani. Kijana wake wa studio, ambaye hakuwahi kuigusa Photoshop maishani, alikuwa amemzidi kasi tangu Jumatano. Hana mkono wa zamani wa kubishana nao.

Harusi ndiyo iliyotuchukua muda, na hapo nitakaa kidogo kwa sababu hapo ndipo programu inagusa watu.

Kamera hupima mwanga kana kwamba vyote inavyoviona, ukivichanganya, ni kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso mweusi wa bi harusi unazama gizani. Ukumbini kuna taa za zambarau na za bluu zinazozunguka, na taa ya mtu wa video inayochoma upande mmoja. Shemeji alikuwa akipiga JPEG na dawa yake ilikuwa moja: kitufe alichorekodi kwenye kompyuta ya zamani, kinachopandisha mwanga wa picha nzima na kulainisha ngozi. Uso unatoka rangi ya majivu. Gauni linakuwa karatasi, darizi zote zimepotea. Aliniomba nimrekodie kitufe kama hicho kwenye programu mpya.

Nilimwomba kwanza apige harusi moja katika mfumo ghafi. JPEG inaweka ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ndiyo maana uso uliozama kwenye JPEG ukiuvuta juu unatoka na madoa na rangi iliyokatika, lakini kwenye faili ghafi ngozi bado imo, imelala tu. Gharama yake ni nafasi: picha moja ya kamera yake ya megapikseli 24 ni karibu MB 28, kwa hiyo harusi ya picha 900 ni GB 25. Ilibidi anunue diski ya nje ya pili. Alinung'unika, akanunua.

Kwenye darktable alijifunza mambo manne. Kuchambua kwa nyota na kuzikataa mbovu kwa kitufe kimoja. Kupata rangi ya kweli kwa kuchora kisanduku juu ya kitu anachojua ni cheupe au kijivu, kama kanzu ya bwana harusi chini ya mwanga uleule. Kuchora duara laini usoni na kupandisha mwanga hapo tu, gauni likiachwa lilivyo. Na kunakili marekebisho ya picha moja kuyabandika kwenye nyingine arobaini zilizopigwa mahali pamoja. Programu ile ina visanduku vingi sana, na mtu akijaribu kuvijua vyote anaikimbia. Visivyo vya mambo haya manne nilivificha.

"Lakini wengine wanaomba wenyewe niwafanye weupe, shem," aliniambia. Ni kweli, wanaomba. Tatizo hili lina mizizi ya mbali: kwa miongo kadhaa maabara za picha za Marekani zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyoitwa kadi ya Shirley, na nyuso nyeusi zikapewa kilichobaki. Tulikua tukijiona kwenye picha zilizosafishwa hivyo. Sikubishana naye. Tulisafisha picha mbili za bi harusi mmoja, moja kwa mtindo wa kitufe cha zamani, nyingine kwa njia mpya, akaziweka kaunta mama wa bi harusi alipokuja. Mama akaitazama ile iliyong'arishwa, akaisifu, kisha akaisogeza karibu na macho. "Hina imekwenda wapi?" Piko nyeusi ilikuwapo, lakini hina iliyojaza maua ya viganja ilikuwa imefifia kama chai iliyotiwa maji. Mchoraji alikesha na mikono ile. Mama alichukua ya pili, na shemeji hakuniomba tena kile kitufe.

Kulikuwa na fumbo moja lililotusumbua. Picha alizosafisha mchana zilitoka vizuri. Za usiku zilitoka na ubluu, programu ileile, karatasi ileile. Alianza kuilaumu darktable. Tulichapa picha moja tuliyoiamini, tukaibandika kando ya kioo cha kompyuta, tukaifungua na kwenye kompyuta tuzilinganishe. Saa kumi zililingana. Baada ya magharibi, picha ya kwenye kioo ikawa ya njano. Kijana wa studio alikuwa amewasha ile hali ya Windows ya kupumzisha macho usiku, inayokifanya kioo kuwa cha manjano jua likizama. Shemeji alikuwa akiona unjano, anaongeza bluu, na printa inatii. Tuliizima, tukaweka mwangaza wa kioo katikati na kuuacha hapo. Ile picha bado imebandikwa.

RAM ya GB 8 inatosha, kwa adabu. Leya moja ya picha ya megapikseli 24 kwa biti 8 inakula kama MB 96. Ukiipandisha hadi biti 32 ni MB 384, na leya tano zinafanya laptopu ilie. Kwa kadi na pasipoti tulibaki biti 8. Harusi akiwa anazitoa, kivinjari kinafungwa.

Picha za zamani zilikuja mwisho, na hapo sikumfundisha kitu. Kifaa cha kuponya cha GIMP, kitufe H, alikizoea kwa alasiri moja. Mwezi uliopita mzee mmoja alileta picha ya baba yake, nyeusi na nyeupe, amesimama mbele ya mafungu ya mkonge, imekunjwa mara mbili na kona moja imeliwa na mende. Shemeji alifunga kona, akaondoa madoa ya maji, akaziba mikwaruzo usoni moja moja. Alipofika kwenye mkunjo wa katikati alimpigia mzee simu kuuliza kama kifua cha shati kilikuwa na mfuko, maana mkunjo ulipita hapo hapo.

Mzee akamwambia mfuko ulikuwapo, lakini huo mkunjo auache. Mama yake alikuwa akiikunja hivyo picha ile apate kuifunga kwenye pindo la kanga.

Shemeji aliufuta mkunjo wa pili, ule wa kulala, na wa katikati akauacha.